Herufi Bubu: Gharama ya Kukumbuka katika Hati ya Kithai na Ndugu Zake

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa mbele ya wafanyabiashara, lakini inawafaa wanaisimu pia, kwa maana lugha nayo ni mali, na hati inayoiandika ndiyo daftari lake. Swali ambalo limewashughulisha wataalamu wa othografia kwa muda mrefu ni hili: daftari zuri ni lipi? Je, ni lile linaloandika kile kinachotamkwa leo tu, au ni lile linalobeba pia kumbukumbu ya yaliyotamkwa jana? Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea kuliandika neno kama anavyolitamka, ana mwelekeo wa kujibu haraka kwamba la kwanza ndilo zuri. Kabla ya kulipitisha jibu hilo, yafaa aitazame kwa makini hati ya Kithai pamoja na hati nyingine za ukoo wake, kwa kuwa huko swali hili limejibiwa kwa njia nyingi tofauti, na kila jibu limetozwa gharama yake.

Istilahi mbili zinazokaribiana sana zinahitaji kutenganishwa mwanzoni. Kithai ni lugha ya taifa ya Thailand, nchi iliyoitwa Siam hadi mwaka wa 1939. Kitai, kwa upande mwingine, ni jina la ukoo mzima wa lugha ambamo Kithai ni mmoja tu wa ndugu wengi. Miongoni mwa nduguze ni Kilao cha Laos, Kishan cha mashariki mwa Myanmar, Kilue cha mkoa wa Yunnan ulio kusini mwa Uchina, lugha ya Tai Dam ya kaskazini-magharibi mwa Vietnam, na Kiahom kilichozungumzwa zamani huko Assam, kaskazini-mashariki mwa India. Hizi zote ni lugha za toni. Maneno yao mengi ya asili yana silabi moja, na silabi hiyo hubadilika maana kabisa kiwango cha sauti kinapopanda, kinaposhuka au kinapobaki palepale. Hati zao nazo zina nasaba moja ya mbali: zote zinatokana na maandishi ya kale ya India yaitwayo Brahmi, zikiwa zimepitia mikononi mwa majirani kama vile Wakhmer, Wamon na Waburma. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Hati hizo za India ziliundwa kwa ajili ya lugha kama Kisanskriti na Kipali ambazo hazina toni za namna ya Kitai. Waliozirithi walilazimika kulikata upya vazi lililoshonwa kwa kipimo cha mwili mwingine.

Simulizi rasmi ya kuzaliwa kwa hati ya Kithai imechongwa kwenye jiwe lenye pande nne ambalo limepewa mwaka wa 1292. Katika jiwe hilo inaelezwa kwamba Mfalme Ramkhamhaeng wa dola ya Sukhothai ndiye aliyezibuni herufi hizo, tukio ambalo kwa hesabu ya miaka yetu linaangukia 1283. Jiwe liligunduliwa mwaka wa 1833 na Mwanamfalme Mongkut, wakati huo akiwa mtawa wa Kibudha, ambaye baadaye alitawala kuanzia 1851 hadi 1868. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya wataalamu, wakiwemo Michael Vickery na Piriya Krairiksh, walidai kwamba jiwe hilo ni kazi ya karne ya 19 iliyovalishwa sura ya kale. Wengine waliupinga vikali mtazamo huo, na mwaka wa 2003 UNESCO ikalisajili jiwe hilo katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Mjadala huo una joto lake, lakini maandishi mengine ya Sukhothai ya karne ya 14 yanatosha kuonyesha kwamba hati hiyo ni kongwe. Linalovutia zaidi ni kwamba katika jiwe la Ramkhamhaeng irabu zimepangwa katika mstari mmoja na konsonanti, ilhali maandishi yaliyofuata yaliirudia desturi ya Kihindi ya kuziweka juu na chini ya konsonanti. Iwapo jiwe ni la kweli, basi hayo yalikuwa mageuzi ya kwanza ya kurahisisha hati ya Kithai, na hayakudumu.

Hati inayofundishwa leo ina konsonanti 44, ingawa sauti za konsonanti zinazotamkwa mwanzoni mwa silabi ni takriban 21 tu. Sauti ya t yenye mpumuo pekee ina herufi sita, na sauti ya s ina herufi nne. Irabu nyingine huandikwa kabla ya konsonanti ingawa hutamkwa baada yake, nyingine hukaa juu, nyingine chini, na nyingine huizunguka konsonanti pande tatu. Hakuna herufi kubwa. Maneno hayatenganishwi kwa nafasi. Nafasi huja mwishoni mwa kirai au sentensi. Kwa sababu hiyo Wathai wana mfano maarufu wa mfuatano mmoja wa herufi ambao waweza kusomwa taa klom, yaani macho ya mviringo, au taak lom, yaani kupunga upepo. Msomaji ndiye anayeyakata maneno kwa kisu cha muktadha.

Ili kuukabili wingi huo wa herufi, mtoto wa Kithai hufundishwa kwa wimbo wa kukariri ambamo kila herufi imefungwa kwa jina la kitu. Herufi ya kwanza ni ya kuku, ya pili ni ya yai, ya tatu ni ya chupa, ya nne ni ya nyati, na kadhalika hadi ya arobaini na nne, ambayo ni ya bundi. Mtazamaji wa nje anaweza kuuliza ni kwa nini mtoto anatwikwa mzigo wa herufi 44 ilhali herufi 21 zingetosha. Jibu lake limo katika historia mbili zilizokutana ndani ya hati hiyo: historia ya maneno yaliyokopwa na historia ya sauti zilizopotea.

Historia ya kwanza ni ya ukopaji. Pamoja na dini ya Kibudha na taratibu za kasri, Kithai kilipokea maneno mengi mno kutoka Kisanskriti na Kipali, kama vile Kiswahili kilivyopokea maneno ya Kiarabu. Tofauti ni kwamba Kiswahili humvua mgeni nguo zake mlangoni. Neno likishaingia hupewa irabu za kulainisha silabi, nalo huandikwa jinsi Mswahili anavyolitamka. Kithai hufanya kinyume: kinywa humgeuza mgeni kuwa mwenyeji, lakini kalamu huendelea kumwandika kwa jina la kwao. Neno la Kisanskriti nagara, lenye maana ya mji, hutamkwa nakhon, lakini katika maandishi bado zimo herufi zilizosimamia n, g na r za asili. Neno Buddha hutamkwa phut, ilhali herufi zake zote zimo. Jina la mfalme aliyetawala Thailand kuanzia 1946 hadi 2016 huandikwa kwa herufi za Kilatini Bhumibol, kwa kufuata tahajia, lakini Wathai hulitamka Phumiphon. Uwanja mkuu wa ndege wa Bangkok uliofunguliwa mwaka wa 2006 huandikwa Suvarnabhumi, na wasafiri wengi hushangaa kusikia wenyeji wakisema Suwannaphum. Pale ambapo herufi ya asili haitamkwi hata kidogo, hati ina alama maalumu inayowekwa juu yake kuinyamazisha. Neno chan, lenye maana ya mwezi, limebeba mwishoni th na r za neno candra la Kisanskriti, huku alama hiyo ikiwa imeketi juu ya r kama kidole juu ya midomo.

Historia ya pili ni ya toni, na ndiyo iliyo ngumu na tamu zaidi. Konsonanti 44 zimegawanywa katika madaraja matatu: tisa ni za daraja la kati, 11 za daraja la juu, na 24 za daraja la chini. Toni ya silabi haisomwi kutokana na alama ya toni pekee. Msomaji hulazimika kutazama daraja la konsonanti, alama iliyopo au kutokuwepo kwake, urefu wa irabu, na sauti inayoifunga silabi. Chukulia mfano wa silabi maa. Ikitamkwa kwa toni ya kati ni kitenzi cha kuja, kwa toni ya juu ni farasi, na kwa toni inayopanda ni mbwa. Katika maandishi, neno la kuja lina m na aa bila alama yoyote. Neno la farasi lina m na aa, pamoja na alama ya toni juu yake. Neno la mbwa halina alama ya toni kabisa, bali limetanguliwa na herufi h ambayo haitamkwi. Kazi ya h hiyo, iliyo ya daraja la juu, ni kuiazima m daraja lake ili silabi ipate toni inayopanda.

Kwa mtazamo wa juujuu, h hiyo ni ujanja wa waandishi tu. Wanaisimu linganishi hata hivyo wameonyesha kwamba haikuwekwa pale iwe bubu. Katika Kitai cha kale, neno la mbwa lilianza kwa m isiyo na mghuno, iliyotamkwa kwa pumzi, na neno la kuja lilianza kwa m ya kawaida yenye mghuno. Vivyo hivyo, herufi nyingi za daraja la chini zilikuwa zikiwakilisha sauti ghuna kama b, d na g. Karne zilipopita, tofauti hizo za mghuno zilififia, na kila ilipofifia tofauti ya konsonanti, toni iliirithi kazi yake. Toni tatu za kale ziligawanyika zikawa tano za leo. Hivyo basi, madaraja yanayomtesa mwanafunzi ni picha ya kinywa cha mababu. Anayeandika neno la mbwa leo jijini Bangkok anaandika pumzi iliyokwisha kutoweka, na toni anayoitamka ni alama iliyoachwa na pumzi hiyo. Hakuna kilichobuniwa ili kumsumbua. Ulimi ulihama, kalamu ikabaki nyumbani.

Hata hivyo, kalamu nayo hubanwa na mambo ya dunia. Katika zile herufi 44, ya tatu na ya tano, yaani ya chupa na ya mtu, hazitumiki tena katika neno lolote la kawaida. Inaaminika ziliwakilisha vikwamizo vya nyuma ya kinywa vilivyokuja kuungana na sauti ya kh, na baada ya hapo waandishi wakaanza kuzichanganya na jirani zao. Mnamo 1891 na 1892, Mmarekani aliyezaliwa Siam, Edwin McFarland, alishirikiana na kampuni ya Smith Premier ya Marekani kuunda taipureta ya kwanza ya Kithai. Vibonye vya mashine havikutosha herufi na alama zote, naye akaziacha nje hizo mbili zilizokuwa tayari ni adimu. Si haki kusema kwamba mashine ndiyo iliyoziua. Zilikuwa mahututi, nayo ikazichimbia kaburi. Ajabu ni kwamba kibodi za kompyuta za siku hizi zimezipa nafasi zake, na watoto wanaendelea kuziimba. Zimekuwa kama majina ya wahenga yanayotajwa katika matambiko: hayana kazi sokoni, lakini hayaachwi nje ya hesabu ya ukoo.

Jaribio kubwa la kuutua mzigo huu lilifanywa mwaka wa 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ya Plaek Phibunsongkhram, kiongozi yuleyule aliyebadilisha jina la nchi, ilitangaza tahajia mpya iliyofuta konsonanti 13 na irabu 5. Herufi zilizorudufiana kisauti ziliondolewa, na maneno yakaanza kuandikwa kwa kufuata matamshi. Neno thahan, yaani askari, ambalo kwa kawaida huishia kwa herufi ya r inayotamkwa n, likaandikwa kwa n. Kwa nadharia, hili ndilo jibu ambalo Mswahili angelipigia makofi. Katika matumizi, hata hivyo, lilizua utata wake. Kithai kina maneno kadhaa yanayotamkwa kaan kwa toni moja: mojawapo lina maana ya wakati, jingine la shughuli, jingine la tukio. Katika tahajia ya zamani yalitofautishwa kwa herufi zao za mwisho, na jicho lilijua mara moja ni lipi linalokusudiwa. Katika tahajia mpya yalivaa sare moja. Mageuzi yaliletwa kwa amri, na yaliondoka pamoja na aliyeyaamuru: Phibun alipoanguka kutoka madarakani mwaka wa 1944, tahajia ya zamani ilirejeshwa mwaka huohuo.

Ng'ambo ya mto Mekong, Walao walishika njia nyingine, na kwao ilidumu. Hati ya Kilao ni ndugu wa karibu wa hati ya Kithai, kiasi kwamba anayeisoma moja huweza kuikisia nyingine. Kilao kiliyahifadhi madaraja ya konsonanti kwa ajili ya toni, hata ile h ya neno la mbwa, lakini kiliziacha herufi zilizokuwepo kwa sababu ya Kisanskriti na Kipali pekee. Leo kina konsonanti 27 hivi. Neno nakhon, ambalo Mthai huliandika kwa konsonanti tatu tupu, Mlao huliandika kwa irabu zake zote, na mwishoni huweka n badala ya r. Katika miaka ya 1930 mwanazuoni Maha Sila Viravong alipendekeza herufi za ziada ziongezwe ili Kipali kiweze kuandikwa kikamilifu kwa hati ya Kilao, lakini pendekezo hilo halikuenea. Baada ya mapinduzi ya 1975 urahisishaji ulisonga mbele zaidi. Kwa kufuata sarufi ya Phoumi Vongvichit ya mwaka wa 1967, hata herufi ya r iliondolewa, kwa hoja kwamba Mlao wa kawaida haitamki, ingawa baadaye ilirudi kuandika majina ya kigeni. Mji wa kifalme uliojulikana kama Luang Prabang ukaanza kuandikwa bila r yake.

Ni rahisi kwa msomi kuyabeza mageuzi hayo, lakini haki yapasa itendwe. Nchi iliyotoka vitani, yenye wakulima wengi wasiojua kusoma, ilikuwa na sababu nzuri ya kutaka hati ambayo mtu mzima angeweza kujifunza jioni baada ya kazi za shamba. Hakuna thamani ya ghala la kumbukumbu ambalo watu wengi wamefungiwa nje ya mlango wake. Kilichotokea ni kwamba mzigo ulihama kutoka mgongoni mwa mtoto hadi mgongoni mwa mtafiti. Mtoto wa Kilao anajifunza kusoma kwa wepesi zaidi, na mtu atakaye kujua asili ya neno hulazimika kuitafuta nje ya neno lenyewe. Zile herufi za Kipali zilizokataliwa ziliingizwa mwaka wa 2019 katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, kwa faida ya wale wanaovisoma vitabu vya zamani.

Mkasa wa hati ya Tham ni mzito zaidi. Tham ni neno dharma kwa matamshi ya Kitai, yaani mafundisho matakatifu. Hati hii yenye asili ya Kimon ilistawi katika ufalme wa Lanna, ambao mji wake mkuu, Chiang Mai, ulianzishwa mwaka wa 1296, ikaenea hadi Laos, hadi Kengtung katika nchi ya Washan, na hadi Sipsongpanna, eneo la Walue ambalo leo ni Xishuangbanna nchini Uchina. Watawa waliichora kwa kalamu ya chuma juu ya makuti ya mtende, kisha wakapaka masizi ili michoro ionekane. Mbali na maandiko ya dini, waliandika tarehe za wafalme, sheria, tiba na unajimu. Lanna ilipomezwa na Siam, na sheria ya elimu ya msingi ya 1921 ilipowapeleka watoto katika shule zilizofundisha kwa Kithai cha Bangkok, Tham ilibaki hekaluni. Siku hizi huonekana juu ya malango ya mahekalu ya Chiang Mai, kando ya jina lililoandikwa kwa Kithai, na wapita njia wengi hulisoma lile la Kithai.

Huko Xishuangbanna hati haikubaki nyuma kwa kusahauliwa, bali iligawanywa kwa makusudi. Katika miaka ya 1950 mamlaka za Uchina ziliandaa hati mpya ya Kilue. Konsonanti zilizokuwa zikipandana zilisawazishwa katika mstari mmoja, herufi za Kipali zilipunguzwa, na toni zikawekewa alama za wazi. Kwa vigezo vya darasani ilikuwa hati safi. Magazeti na vitabu vya shule vikachapishwa kwayo. Lakini vitabu vya hekaluni havikuandikwa upya. Kisha Mapinduzi ya Kitamaduni ya kuanzia 1966 hadi 1976 yakafunga mahekalu na kuwatawanya watawa, ambao ndio waliokuwa walimu wa hati ya kale. Maisha ya dini yalipofufuka katika miaka ya 1980, wavulana waliotawazwa utawa walianza tena kujifunza hati ya mababu. Hivyo ikawa kwamba katika kijiji kimoja kulikuwa na wasomaji wa lugha moja wasioweza kusomeana: aliyesoma shuleni alishika hati mpya, na aliyelelewa hekaluni alishika ya kale. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema Waswahili. Walue hawakuuacha mbacha wao, bali uliondolewa chini yao, na kuurudisha kumewagharimu kizazi kizima.

Upande wa mbali kabisa wa ukoo huu wapo Waahom, nao wanatoa funzo lililo kinyume. Mwaka wa 1228 mwanamfalme Sukaphaa alivuka milima ya Patkai na watu wake akaingia bonde la Brahmaputra. Ukoo wake ulitawala Assam kwa takriban miaka 600, hadi nchi hiyo ilipoingia mikononi mwa Waingereza kwa mkataba wa Yandabo wa 1826. Waahom waliandika tarehe za utawala wao, ziitwazo buranji, juu ya magome ya mti wa sanchi. Hati yao ilikuwa nyepesi kwa kiwango cha kutamanisha: herufi chache, wala haikuonyesha toni hata moja. Maadamu wasomaji walikuwa wazungumzaji, upungufu huo haukuwa na madhara, kwa kuwa ulimi uliijaza nafasi iliyoachwa na kalamu. Lakini polepole Waahom walihamia Kiassam, na kufikia karne ya 19 lugha yao haikuwa tena ya mazungumzo ya kila siku. Vitabu vilibaki, makuhani waliendelea kuvitunza na kuvisoma katika ibada, lakini toni ziliondoka na waliozitamka. Katika maandishi ya Kiahom, neno la kuja, la farasi na la mbwa yote ni mā. Kamusi ya Golap Chandra Barua iliyotolewa mwaka wa 1920 iliokoa mengi, na watafiti wa sasa hutafuta msaada kwa lugha jirani zilizo hai kama Kikhamti na Kiphake. Hata hivyo, palipo na neno moja lenye maana tano au sita, msomaji wa buranji hulazimika kuchagua, na pengine huchagua lililo siyo. Washan na Watai wa Dehong, ambao hati zao za jadi nazo hazikuonyesha toni kikamilifu, waliongeza alama za toni katikati ya karne ya 20, wakati lugha zao zingali vinywani mwa watu.

Mwanafunzi wa Kiswahili asiyaone haya kuwa ya mbali. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa wa mwituni hutofautishwa kwa mpumuo, na vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Tahajia sanifu iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia 1930 haiuandiki mpumuo huo, na wazungumzaji wengi wa bara hawajui kwamba tofauti hiyo ipo. Kwa upande wa hati, Kiswahili kilikwisha kuandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hizi za Kilatini. Mswada wa Utendi wa Tambuka una tarehe ya 1728. Herufi hizo zilikuwa na alama tatu za irabu kwa lugha yenye irabu tano, na katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa alijitahidi kuzirekebisha ili zitoshee sauti za Kiswahili. Leo ni wanafunzi wangapi wa shahada ya Kiswahili wanaoweza kuusoma mswada mmoja wa aina hiyo bila kusubiri mtu awanukulie kwa herufi za Kilatini? Wako katika hali ya kijana wa Kilue mbele ya kitabu cha hekaluni, tofauti ikiwa kwamba hakuna aliyewafungia hekalu.

Kutokana na mifano hii, inadhihirika kwamba swali la daftari zuri haliwezi kujibiwa kwa kigezo cha wepesi pekee, wala kwa kigezo cha ukale pekee. Hati ya Kithai imehifadhi mengi kwa sababu tu kila mwaka watoto wanaketi na kuimba herufi 44. Siku watakapoacha, herufi bubu zitakuwa bubu kweli. Hati ya Kiahom ilihifadhiwa kwa uaminifu, lakini haikuwa imeandika kile ambacho kingekuja kuhitajiwa. Gharama ya kukumbuka haikwepeki. Huweza tu kuhamishwa. Thailand imemtoza mtoto, Laos ikamtoza mtafiti, Xishuangbanna ikamtoza mjukuu aliye mbele ya kitabu cha babu yake, na Assam inawatoza wote wanaotaka kusikia sauti ya Sukaphaa. Anayependekeza kurahisisha hati yoyote, na zipo sababu nyingi njema za kufanya hivyo, hana budi kutaja waziwazi ni nani atakayelipa na lini. Na anayekataa mageuzi kwa jina la urithi hana budi kwanza kujifunza kuusoma urithi huo. Akiba haiozi, lakini ni pale tu anapobaki mtu anayejua ilipowekwa na namna ya kuifungua.